Nilisema Kambi, Mama Mkwe Akasikia Makambi

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, hukukosa mema. Mimi Ogoti, muuza rangi wa hapa Keumbu, nilimpakia mama mkwe rangi nyumba yake ya kilimani Manga akiwa safarini. Nia yangu ilikuwa safi. Rangi ndiyo ilikuwa na kasoro, kwa sababu ilibaki tulipomaliza kazi ya baa moja kule Masimba.

Mama mkwe aliporudi alikuta wanaume wawili wamekaa kwenye veranda yake, wanagonga meza wakiuliza mbona hawahudumiwi.

Mama mkwe anaitwa Nyakerario. Ni shemasi wa kanisa la Sabato. Huchuna majani chai kila wiki na kwa imani yake hajawahi kunywa hata kikombe kimoja.

Mke wangu Maureen akamchukua binti yetu Kemunto, akapanda Manga kwenda kumliwaza mamake. Nilidhani kumliwaza mtu ni jambo lenye mwisho.

Sasa endelea nami.

Nilimpigia Maureen simu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia.

“Utarudi lini?”

“Mama bado halali. Jumapili walikuja wengine na gitaa.”

“Si nilisema nitapaka upya?”

“Usiguse hiyo nyumba, Ogoti. Usiiguse kabisa. Na hebu nikuulize. Tangu tuanze kukaa pamoja, umewahi kunipeleka wapi? Taja mahali pamoja tu.”

Nikafikiri sana.

“Hospitali,” nikasema.

“Nilikuwa najifungua!”

Simu ikakatwa.

Ronny alinikuta bado nimeishika sikioni. Ronny ni rafiki yangu wa bodaboda, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Nilipomweleza, hata hakushuka kwenye pikipiki.

“Buda, huyo anataka kambi.”

“Kambi gani?”

“Kambi! Unapiga hema mtoni, unawasha moto, unachoma kitu, watoto wanachezea maji. Unaita familia, unaita mabeshte. Watu wa Nairobi wanatoa pesa kufanya hivyo.”

“Mtu mzima alale nje na ana nyumba?”

“Hiyo ndiyo raha yenyewe.”

Nikawaza. Ami yangu ana shamba linaloteremka hadi mto Gucha. Chini kabisa kuna uwanja wa nyasi, mawe mapana, na pahali ng'ombe hunywea maji. Kwa mara ya kwanza tangu yale mambo ya rangi, nilijiona nikiwa mume wa kueleweka. Maureen amekaa juu ya jiwe, ananicheka kwa sababu nimeunguza nyama. Kemunto analowa. Hakuna mtu ananiuliza chochote.

Ronny akasema yeye atashughulika na nyama. Mimi nikabaki na mahema na watu.

Nilipompigia Maureen tena, aliyepokea ni mama mkwe. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Upepo wa Manga ulikuwa unavuma kwenye simu kama mtu anayepuliza moto.

“Mama, habari ya asubuhi. Nilikuwa namtafuta Maureen. Nimepanga jambo wikendi hii.”

“Jambo gani tena?”

“Kambi, mama. Pale mtoni Gucha. Tulale kwenye mahema, familia na marafiki.”

“Umesema makambi?”

“Ndiyo, kambi.”

“Wewe? Ogoti? Umepanga makambi? Mtoni?”

Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nami sikuelewa mara moja, kwa sababu mimi ni Mkatoliki. Wasabato wana mkutano wao mkubwa wa kila mwaka. Watu hubeba magodoro na masufuria, wakahamia kwenye mahema, wakasikiliza neno siku baada ya siku. Mkutano huo huitwa makambi. Na mtoni, kwao, ndipo mtu huenda kubatizwa.

Nilipoanza kuelewa, mama mkwe alikuwa analia.

“Nimeomba,” akasema. “Nimeomba mpaka nikachoka. Nilifikiri ile rangi ilikuwa dharau. Kumbe ni shetani alikuwa anashindana na roho yako mara ya mwisho. Mwanangu!”

Hapo ndipo ningesema ukweli. Najua. Ukiwa umekaa hapo na gazeti lako unaniambia, “Ogoti, sema ukweli,” na mimi pia nilikuwa najiambia hivyo hivyo.

Lakini yule mama hakuwa amewahi kuniita mwanangu. Nilitaka kusikia sauti hiyo kidogo tu zaidi.

“Ndiyo, mama,” nikasema.

Kesho yake, mzee Nyangate aliingia dukani. Ni mzee wa kanisa la mama mkwe, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuombea mvua. Akaketi juu ya debe la rangi nyeupe.

“Kijana, mbinguni leo kuna shangwe.”

“Asante, mzee. Ila nilikuwa nafikiria kitu kidogo tu, cha familia...”

“Wote hufikiria hivyo mwanzoni. Kwaya inakuja. Jenereta tunayo. Mimbari tutabeba kwenye lori. Wewe tayarisha mahali.” Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama fundi anayepima mlango. “Unajua kuogelea?”

“Kidogo.”

“Si lazima. Nitakushika.”

Alipokuwa anatoka nikamkimbilia hadi barabarani.

“Mzee, na mama mkwe atalala wapi?”

“Kwenye mahema, pamoja na sisi sote. Si ni makambi?”

Wasomaji ambao si Wakisii mtanisamehe, lazima niwaambie jambo moja. Kwetu kuna heshima inaitwa chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja wenu anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Mimi na Nyakerario tangu tujuane tumesalimiana kwa mbali, kama watu wanaopungiana mkono ng'ambo ya bonde. Kumgusa ni mwiko mzito.

Jioni Maureen akapiga.

“Ogoti, ni kweli?”

“Ni kweli nini?”

“Kwamba unabatizwa. Mama ametangazia watu kanisani. Wamepiga makofi.”

“Tutaongea mtoni.”

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu aondoke.

“Nakuja,” akasema. “Hata kama umedanganya, nakuja. Nataka nione utatokaje.”

Nikaenda steji ya bodaboda kumwambia Ronny avunje mpango. Nikamkuta anafua shati.

“Umechelewa,” akasema. “Nguruwe ameshachinjwa.”

“Nguruwe?”

“Mnono. Vijana wote wa steji wanakuja.”

“Ronny, Wasabato hawali nguruwe!”

“Si watakula ugali?”

“Hata harufu hawataki!”

Alikamua shati polepole, akatafakari.

“Basi sisi tutakaa juu, pale mto unapokunja kona. Nyinyi kaeni chini na nyimbo zenu. Mto ni mrefu, Ogoti. Mbona unauogopa?”

Ijumaa ilifika na jua zuri. Nilikuwa nimesimamisha mahema yangu mawili, moja likiwa limeinama upande mmoja kama mzee anayesikiliza. Lori la kanisa likashuka na viti, mimbari, jenereta, kipaza sauti, na hema kubwa la kuingiza harusi. Mahema yangu yakaonekana kama kofia mbili zilizoanguka.

Kwa sababu Sabato huanza jua likizama, kina mama walianza kupika pale pale, ili chakula chote kiwe tayari mapema. Moto ukawaka huku na huku. Ndizi zikamenywa. Watoto wakaingia majini. Ukiondoa mimbari, ilikuwa kambi hasa. Nilisimama nikaiangalia, na kusema kweli nilifurahi.

Maureen alikuja na gauni la kijani na viatu vyekundu. Kemunto akanirukia shingoni. Mama mkwe akasimama mbali, mahali panapofaa, akapaza sauti.

“Baba Kemunto! Mungu akubariki!”

“Nawe pia, mama!”

Kisha upepo ukageuka.

Ulishuka kutoka kwenye kona ya mto ukiwa umebeba mafuta ya nguruwe, vitunguu na dhania. Kwaya nzima ikainua pua katikati ya ubeti.

“Baba Kemunto!” mama mkwe akaita tena. “Huyo mbuzi wako ananukia vizuri sana!”

Nikakimbia. Nilipita kwenye vichaka, nikatokea kwa Ronny na vijana wake wakiwa wamezunguka jiko.

“Zima moto! Harufu imefika! Mama mkwe anasema inanukia vizuri!”

Nikakimbia kurudi chini kabla watu wa kanisa hawajauliza nilikoenda. Kosa langu lilikuwa hapo. Kelele zilikuwa nyingi, na katika maneno yangu yote Ronny alisikia yale ya mwisho tu.

Ronny amelelewa vizuri. Mama wa mtu akisifu chakula, lazima apelekewe.

Nilikuwa namsaidia mzee Nyangate kutandaza waya wa jenereta nilipomwona rafiki yangu anatokea na sahani, amevaa lile shati safi. Alienda moja kwa moja hadi kwenye jiwe pana ukingoni mwa maji, ambapo mama mkwe alikuwa anaosha mboga za chinsaga.

“Mama, karibu nyama. Nimekuchagulia pale laini.”

“Ubarikiwe, kijana.”

Akafuta mikono. Akapokea sahani. Akafumba macho kuombea chakula.

Kilichonisaidia ni kwamba mama mkwe huomba kwa kirefu. Alimshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru kwa serikali, akawataja wagonjwa kwa majina. Mimi nilikuwa nimeachilia waya na kukimbia, nikiruka masufuria, nikipiga kelele.

“Usile! Mama, usile!”

“Amina,” akasema, na akachukua kipande.

Nikaipiga ile sahani kwa mkono. Nyama ikaruka, ikaanguka mtoni.

Mama mkwe akafumbua macho. Alichokiona ni mkwe wake yupo mbele ya uso wake, mikono juu, anahema. Hakuna siku tumewahi kuwa karibu hivyo. Na kwa kuwa yeye ni mwanamke mwenye heshima zake, alifanya kile chinsoni inachotaka.

Akarudi nyuma.

Nyuma yake kulikuwa na mto.

Hapo kicheko kiliisha, msomaji. Kule milimani Nyamira mvua ilikuwa imeanza mapema, na maji yalikuwa ya kahawia, yana nguvu. Kitambaa chake cha kichwa kilienda kwanza. Kisha yeye.

Nilinyakua mti wa hema, lile bomba jembamba, nikamnyooshea.

“Shika, mama!”

Akashika. Lakini lile bomba hutengenezwa kwa vipande, ili likunjwe. Likakunjika.

Nikaingia majini. Mkoba wake ulikuwa bado begani, nikaushika kamba. Kamba ikakatika. Nikabaki na mkoba, na ndani yake Biblia na kitana.

“Mama, nipe mkono!”

“Usinishike!” alipaza sauti akimeza maji. “Baba Kemunto, usinishike!”

“Utakufa!”

“Nimesema usini...”

Akazama.

Nikamkumbatia. Sikumshika mkono, sikumshika nguo. Nilimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, naye akanikaba shingo kama mtoto, na maji yakatusukuma pamoja hadi pale chini ng'ombe hunywea. Nilikuwa nasema kitu, na baadaye Maureen aliniambia kwamba nilikuwa nasema, “Pole mama, pole mama, pole mama,” bila kukoma.

Tulipotoka, kina mama walikuwa wamefunika macho. Wanaume walikuwa wanaangalia miti. Kwaya, ambayo hakuna mtu aliyeiambia inyamaze, ilikuwa inaendelea kuimba.

Mzee Nyangate alikuwa ameingia majini hadi magotini, na kanzu yake ya ubatizo. Akasimama.

“Ogoti. Umemkumbatia mama mkwe.”

“Alikuwa anazama, mzee.”

“Nimeona. Nimeona pia umemkumbatia.”

Kama mzee wa kanisa, alimshukuru Mungu kwa sauti. Kama Mkisii, hakujua aweke macho wapi. Akaniinamia, akaninong'oneza.

“Sasa... bado nikubatize ama?”

Kabla sijajibu, mama mkwe alikohoa. Walikuwa wamemfunika leso mbili. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani.

“Mwacheni,” akasema. “Hajavunja kitu.”

“Mama Maureen, tumeona sote,” mzee akasema.

“Huyo si mkwe wangu.”

Akaivuta leso mabegani, akaendelea.

“Wazee wake wamewahi kukanyaga kwangu? Kuna siku nimewapikia? Kuna mtu hapa alialikwa harusi?” Akawatazama mmoja mmoja. “Alimpakia Maureen kwenye pikipiki wakaenda. Basi. Huyu ni mtu tu alikuwa anapita, akaniokoa. Namshukuru. Aende salama.”

Nilimwelewa polepole. Yule mama alikuwa ananitetea. Palikuwa na mlango mmoja tu wa kunitoa kwenye mwiko ule, naye ameufungua. Lakini nikipita hapo, sina mke.

Na alichosema kilikuwa kweli. Kila mwaka nilikuwa nasema wazee wangu watapanda Manga baada ya mavuno. Mavuno yakipita, nasema baada ya mvua.

Nikamtazama Maureen. Amemshika Kemunto mkono, uso wake umekuwa jiwe. Hakunisaidia.

Mzee Nyangate akajikuna kidevu.

“Sema mwenyewe, Ogoti, mbele ya watu. Kama wewe si mkwe, hakuna mwiko, tukae tule. Lakini ujue huna mtu wa kudai pale Manga. Kama ni mkwe, umevunja chinsoni. Utavuka ng'ambo sasa hivi. Hutakaa ukingo mmoja na huyu mama, na Maureen atabaki na mamake, mpaka wazee wako waje walitengeneze jambo hili.”

“Sema si mkwe, buda!” Ronny akaita. “Tule!”

Nikajipangusa maji usoni.

“Mimi ni mkwe,” nikasema. “Ni mkwe tangu siku hiyo ya pikipiki. Ni vile tu sijui kufanya mambo kwa mpango.”

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Mabega yake yakatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Mzee akanyoosha kidole ng'ambo.

Nikavuka pale penye mawe. Maji yalinifika magotini. Upande wa pili ni shamba la mtu, na ng'ombe wake mmoja alikuja akanisimamia, akinitazama. Nikakaa chini nimelowa, nikaangalia kambi yangu. Mahema yangu. Sufuria zangu. Rafiki yangu. Kule ng'ambo wakaanza kupakua chakula.

Maureen ndiye hakupakua.

Alimpa Ronny mtoto. Akavua vile viatu vyekundu, akavipanga vizuri juu ya jiwe. Akakunja gauni, akaingia majini.

“Maureen!” Mama mkwe alisimama, leso zikamwanguka. “Wewe Maureen! Ukivuka huo mto, umeolewa hivyo hivyo. Asiniletee wazee tena. Sitawapokea.”

Maureen hakugeuka.

“Na nikirudi?”

“Ukirudi, atakuja kukuoa kama watu.”

Alikuwa amefika katikati. Akasimama. Akanitazama mimi, nami nikagundua kwamba sijui ninataka aje au arudi. Nikimwita, nimemnyima harusi. Nikimwambia arudi, atarudi Manga bila mimi, na wazee wangu ni wale wale wa baada ya mavuno.

Mawingu ya mvua yalikuwa yamefunika kilele chote cha Manga.

“Sema kitu, Ogoti,” Maureen akasema, si kwa hasira.

Nikatazama maji. Aliposimama pale katikati yalikuwa yanamfika magotini. Sasa yalikuwa yanamfika kiunoni, na Maureen hakuwa amesogea hata kidogo.